Maji Hutafuta Upenyo

Kwa karibu miezi 3 niliilaumu mashine yangu ya espreso. Leo espreso imetoka chachu, kesho chungu, keshokutwa imetoka chachu na chungu katika kikombe kimoja. Kahawa ni ile ile, kinu ni kile kile, mkono ni ule ule. Halafu nikanunua mpini, kile kishikio cha chujio la kahawa kinachopachikwa kwenye mashine, usio na kitako, yaani ule uliokatwa chini ukabaki wazi, mtu akiinama anaona chujio zima la chuma kutoka chini. Nikaupachika, nikawasha pampu, nikainama.

Nilitarajia kuona uzi mmoja mnene wa kahawia ukishuka katikati. Nilichokiona ni matone meusi yakijikusanya upande mmoja, kisha mshale mwembamba wa maji ya rangi ya mchanga ukafyatuka pembeni, ukanipiga shavuni. Upande wa pili wa chujio ulikuwa mkavu kabisa. Gramu 18 nilizozipima kwa uangalifu, na labda nusu yake haikuguswa na maji.

Tangu siku ile, kila nilichojifunza kuhusu espreso kimerudi kwenye ule mshale. Maji yana tabia moja: yakisukumwa, hutafuta mahali palipolegea na kupita hapo. Kazi ya anayetengeneza kahawa ni kuhakikisha kwamba hakuna mahali palipolegea kuliko pengine.

Kahawa nyingine huyaachia maji yashuke yenyewe taratibu, au hulowekwa. Espreso hulazimishwa. Maji moto husukumwa kwa presha ya bari 9 hivi, yaani mara 9 ya shinikizo la hewa inayotuzunguka, yapenye unga laini ulioshindiliwa, na yote yaishe ndani ya nusu dakika. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Angelo Moriondo wa Turin alipata hataza ya mashine yake ya kahawa ya mvuke mwaka 1884, na Luigi Bezzera wa Milan akapata ya kwake mwaka 1901. Mashine za kizazi kile zilitegemea mvuke wa boila peke yake, na mvuke huo haukuzidi sana bari 1 na nusu. Kahawa ilitoka haraka, lakini haikuwa na lile povu la rangi ya dhahabu tunalolijua leo. Povu lilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili, Achille Gaggia alipotumia wenzo na springi kuyasukuma maji kwa nguvu iliyozidi ya mvuke mara kadhaa. Mwaka 1961 kampuni ya Faema ikaleta mashine ya E61, ambayo kazi ya mkono na springi ilifanywa na pampu ya umeme, na mashine nyingi za leo ni wajukuu wake.

Naisimulia historia hii kwa sababu moja. Kadiri presha ilivyopanda, ndivyo unga ulivyolazimika kuwa laini zaidi ili uyazuie maji, na ndivyo adhabu ya ufa mdogo ilivyokuwa kubwa. Kahawa ya kuchuja kwa karatasi husamehe unga usio sawa. Espreso haisamehe.

Ndiyo maana sasa ile bari 15 iliyoandikwa kwenye maboksi ya mashine za nyumbani hainivutii tena. Hiyo ni nguvu ya juu ambayo pampu ndogo ya mtetemo inaweza kuifikia. Ndani ya kahawa hatuihitaji. Mashine nyingi zina vali inayorudisha presha ya ziada kwenye tangi, ila si zote zinazotoka kiwandani zikiwa zimerekebishwa hadi 9. Nilifunga geji kwenye mpini, ikasoma 12. Nikachomoa waya ukutani, nikasubiri mashine ipoe, nikafungua kifuniko na kulegeza springi ya vali ile robo mzunguko kwa robo mzunguko, nikipima kila mara, mpaka sindano ikasimama kwenye 9. Mishale ilipungua siku hiyo hiyo. Haikuisha.

Haikuisha kwa sababu tatizo kubwa lilikuwa kwenye kinu, na hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo wengi hukosea kama nilivyokosea. Mtu anaponunua vifaa vya espreso, macho yote huwa kwenye mashine: ina chuma kinachong'aa, ina mvuke, ina sauti. Kinu hununuliwa kwa chenji iliyobaki. Ningeweza kurudi nyuma, ningeanza na kinu, kisha ningetafuta mashine ya kiasi kilichosalia. Mashine kazi yake ni kupasha maji moto na kuyasukuma. Ukinzani ambao maji yatakutana nao huamuliwa kabla hata hujaiwasha.

Vile vinu vya visu vinavyozunguka kama blenda haviwezi kazi hii. Vinakatakata. Vinatoa vumbi na chenga kwa pamoja, na maji hupita kwenye chenga yakiliacha vumbi limegandamana. Kinachohitajika ni kinu cha meno, chenye vyuma viwili vinavyokaribiana, na kahawa haipiti mpaka iwe na ukubwa wa nafasi iliyo kati yake. Lakini hata hilo halitoshi. Kinu changu cha kwanza kilikuwa cha meno, na hatua zake zilikuwa zimeachana mno. Kwenye namba 6, kikombe kilijaa kwa sekunde 15. Kwenye namba 5, mashine ilinguruma, matone yakashuka moja moja, sekunde 50 zikapita. Kahawa niliyoitaka ilikuwa mahali fulani kati ya 5 na 6, na kinu hakikuwa na njia ya kufika huko. Wiki nyingi nilijaribu kuziba pengo hilo kwa kuongeza nusu gramu, kupunguza nusu gramu, kushindilia zaidi, kushindilia kidogo. Hatimaye nilinunua kinu cha mkono chenye hatua ndogo ndogo. Kusaga gramu 18 kunanichukua kama dakika nzima na mkono unachoka, lakini nikikikaza hatua moja, naona sekunde 2 au 3 zikiongezeka kwenye kikombe.

Nitaje na chujio lenye kuta mbili, ambalo huja na mashine nyingi za nyumbani. Chini yake lina tundu moja dogo, na tundu hilo ndilo linalotengeneza ukinzani, kahawa yoyote utakayoweka. Asiye na kinu na anayetumia kahawa iliyokwisha kusagwa alitumie kwa amani kabisa, atapata kikombe kinachonyweka. Povu lake hutokana na maji kupenyezwa kwa nguvu kwenye tundu, hivyo halikuambii lolote kuhusu ulivyosaga. Mimi nilikuwa nataka kujifunza, nikaliweka kando.

Unga ukishatoka kwenye kinu, unakuwa umebeba umeme tuli. Unarukia kuta za kopo na kujifunga vidonge vidonge, na kila kidonge ni mwanzo wa ufa. Dawa yake ni ndogo mno: kabla ya kusaga, nalowesha mpini wa kijiko kwa maji, nakorogea buni mara moja, basi. Tone moja linatosha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon walichapisha mwaka 2023 utafiti ulioonyesha kwamba unyevu huo mdogo unapunguza kweli umeme wakati wa kusaga, na unabadilisha namna maji yanavyopita kwenye kahawa. Watu walikuwa wakifanya hivyo majikoni mwao miaka mingi kabla.

Kisha sindano. Mwaka 2005, Mmarekani aitwaye John Weiss alieleza namna ya kukorogea unga ndani ya chujio kwa sindano nyembamba kabla ya kushindilia, na hakuna hatua niliyoiongeza ikanipa faida kubwa kwa gharama ndogo kama hiyo. Yangu niliitengeneza kwa kizibo na sindano 5. Nazishusha mpaka zigonge sakafu ya chujio, nazungusha duara ndogo ndogo, nainua taratibu huku nikizungusha, namalizia juu kabisa ili uso uwe tambarare. Mwanzoni nilikuwa nachezea juu tu, na mishale ikaendelea, kwa sababu vidonge vya chini vilikuwa vimelala palepale. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta wenyewe ni gramu 18 za kahawa unazozimwaga na kuanza upya.

Kushindilia ni jambo nililolihangaikia bure. Nilikuwa naegemea kwa uzito wa mwili mzima, nikidhani nguvu ndiyo siri, mpaka kifundo cha mkono kikaanza kuuma. Unga ukishabanana, kuuongezea nguvu hakuubani zaidi kwa kiasi cha maana. Kinacholeta tofauti ni usawa. Ukishindilia kwa mshazari, upande mmoja wa donge la unga ulioshindiliwa unakuwa mwembamba, na maji hayahitaji mwaliko mwingine. Siku hizi naweka mpini ukingoni mwa meza, kiwiko juu ya kishindilio, nabonyeza mpaka nihisi unga umekataa, naachia.

Sasa ulimi, na hapa niliangushwa na lugha yangu mwenyewe.

Neno langu la kueleza kahawa mbaya lilikuwa "kali". Kiswahili kinaliruhusu neno hilo lifanye kazi nyingi: limau ni kali, pilipili ni kali, dawa ni kali, kahawa nzito nayo ni kali. Nikionja kikombe nikasema "hii kali", nilikuwa sijajiambia chochote ninachoweza kukirekebisha. Na tiba zake zinapingana. Kahawa chachu, inayobana taya na kuleta mate kama limau, kwa kawaida ni kahawa ambayo maji hayakutoa vya kutosha ndani yake. Inataka kinu kikazwe, au maji zaidi yapite, au joto lipande. Kahawa chungu, inayokaa nyuma ya ulimi, imetolewa kupita kiasi, au imekaangwa sana tangu mwanzo. Halafu kuna ukakasi, ule ukavu unaoufanya ulimi uhisi kama kitambaa, ambao mimi nimeukuta hasa siku zenye mishale mingi. Na kuna uzito, ambao si kosa hata kidogo. Nilipotenga maneno haya manne nikaanza kuyaandika kwenye daftari, uchachu, uchungu, ukakasi, uzito, kujifunza kwangu kulienda mbio kuliko miezi yote iliyotangulia.

Zoezi lililonisaidia kuyatenga ni hili. Chukua vikombe vitatu vidogo. Kahawa ikianza kutoka, pokea theluthi ya kwanza kwenye kikombe cha kwanza, ya pili kwenye cha pili, ya mwisho kwenye cha tatu. Onja kila kimoja kikiwa peke yake. Cha kwanza ni kizito kama sharubati, kichachu mno, karibu kina chumvi. Cha pili kina utamu. Cha tatu ni maji mepesi yenye uchungu. Hakuna hata kimoja ambacho ungependa kukinywa peke yake. Kisha vichanganye vyote, onja tena. Nilifanya hivyo Jumapili moja, nikarudia mara tatu, na nilipomaliza nilijua ulimini maana ya kusimamisha kahawa mapema au kuichelewesha.

Ndipo nikaelewa pia kile kikombe kilichokuwa chachu na chungu kwa pamoja. Maji yakipata upenyo, kahawa iliyo kandokando ya upenyo huo hukamuliwa mpaka itoe uchungu wake wa mwisho, na iliyo mbali hubaki karibu mbichi. Kikombe kinapokea vyote viwili. Hapo kukaza au kulegeza kinu hakutasaidia. Rudi kwenye sindano.

Namba ninazoanzia ni za kawaida: gramu 18 za unga, gramu 36 kikombeni, kati ya sekunde 25 na 30 tangu pampu iwashwe. Napima kwa mizani kila mara, kahawa inayoingia na inayotoka, kwa sababu povu hulidanganya jicho na mililita hazisemi kweli. Gramu hizo mbili nazishikilia, nabadilisha kinu peke yake mpaka muda ukaribie, kisha naonja. Kuanzia hapo ulimi ndio unaoamua. Kati ya uzito wote wa kahawa, kama asilimia 30 tu inaweza kuyeyuka majini, na mara nyingi ladha nzuri iko pale inapotolewa kati ya asilimia 18 na 22. Siwezi kupima hilo jikoni, ila linanikumbusha kwamba sehemu kubwa ya kahawa haistahili kuingia kikombeni.

Kuna wakati niliamini kwamba tiba ya uchachu ni kusaga laini, na kama bado ni chachu, laini zaidi. Mwaka 2020 watafiti, akiwemo mwanakemia Christopher Hendon, walionyesha kwa hesabu na kwa vikombe kwamba kuna mpaka. Ukipita hapo, maji huacha kupita sawasawa, baadhi ya sehemu huziba, na kiasi kinachotolewa kinashuka badala ya kupanda. Walipendekeza kahawa pungufu na unga usio laini sana, wenye chenga kubwa kidogo. Nilijaribu: gramu 16, kinu kimelegezwa, gramu 40 kikombeni kwa sekunde 18 tu. Kilikuwa kikombe chepesi kuliko nilivyozoea, na kisafi ajabu. Kwa kahawa iliyokaangwa kidogo sasa huanzia karibu na hapo.

Kahawa yenyewe. Tafuta mfuko ulioandikwa tarehe ya kukaangwa, si tarehe ya kuharibika peke yake. Buni zikitoka kwenye moto zimejaa gesi ya kaboni dioksidi, na ukizitumia siku ya pili gesi hiyo hufumuka ndani ya donge na kuyasukuma maji huku na kule. Mimi huziacha siku 7 mpaka 14, zile zilizokaangwa kidogo hata zaidi. Gesi hiyo hiyo ndiyo inayotengeneza povu la juu, kwa hiyo kahawa iliyochakaa haina povu. Lakini povu jingi si ushahidi wa ubora. Kahawa ya aina ya robusta hutoa povu zito kuliko ya aina ya arabika, na ladha ni jambo lingine. Kadiri mfuko unavyozeeka, kahawa huanza kutoka haraka, na kila siku chache nakikaza kinu kidogo. Anayedhani amepata namba ya kudumu atashangaa wiki ijayo.

Joto linatakiwa kuwa kati ya digrii 90 na 96. Taa ya mashine huwaka baada ya dakika chache kusema iko tayari, lakini chuma chake bado ni baridi na kitaiba joto la maji. Naiacha dakika 20 mpini ukiwa umepachikwa. Maji yawe na madini kiasi: yakiwa mengi, chokaa inaiua boila polepole, na maji yaliyokenekwa hayana madini ya kuibeba ladha. Usiku nasugua chujio la juu linalomwaga maji, kwa kuwa mafuta ya jana yakiganda pale yana harufu ambayo hakuna kinu kitakachoiondoa.

Maziwa sitayazungumzia, ila hili moja: miezi miwili ya kwanza niliyatia kila kikombe, na yalinifichia kila kosa. Yeyote anayeanza na aonje kwanza bila maziwa, hata kama ni kijiko kimoja tu, kisha ayatie akipenda.

Jana nilifungua mfuko mpya. Kikombe cha kwanza kilitoka kwa sekunde 19, chachu. Nikakaza hatua 3. Cha pili sekunde 26, utamu umeanza kuonekana, uchachu bado uko mbele. Sikugusa kinu, nikaongeza maji tu, gramu 36 zikawa 39. Leo asubuhi: 18 ndani, 39 nje, sekunde 28, daftarini nimeandika "uzito upo, uchachu umekaa mahali pake, ukakasi hakuna". Kwenye sekunde ya 20 mshale mmoja mdogo ulitokea upande wa kushoto, karibu na ukuta wa chujio, ukajifunga wenyewe. Kesho nitapitisha sindano pale mara mbili.